Kutunza nyumba ya mbao na mabati

Nyumba iletwayo vipande vipande husimama upesi. Isipotunzwa huoza upesi vilevile. Adui zake ni watatu.

1. Maji. Upande wa Bukavu mvua huanza Septemba hata Mei. Basi tengeneza Juni hata Agosti. Mbao zisiguse udongo, zikae juu ya mawe. Chimba mfereji kuzunguka nyumba. Gonga misumari iliyolegea, ziba matundu ya bati kwa lami.

2. Mchwa. Hupanda ndani ya vijia vya udongo. Chungulia chini ya sakafu kila juma. Ukiviona, vunja, kisha tafuta kichuguu.

3. Moto. Kule Kadutu nyumba za mbao zimebanana: ikiwaka moja, jirani huungua pia. Jiko liwe mbali, na watoto wasiachwe peke yao na taa.