UKURASA WA AFYA: Mfereji wa Hezekia na Mitungi ya Kana



Mtoto akisimuliwa habari za mfalme wa zamani, husikia na kusahau. Akizijenga kwa udongo, hukumbuka hadi uzeeni. Mwezi huu tunawaletea wazazi kazi mbili za mikono za kufanya na watoto nyumbani. Zote zinahusu maji katika historia ya Biblia, na zote zinagusa afya ya familia, kwani kuhara bado ni mojawapo ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani.

KAZI YA KWANZA: MFEREJI WA HEZEKIA

Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda. Mfalme Hezekia alijua kuwa mji usio na maji hauwezi kustahimili vita. Biblia yatueleza kwamba aliyaelekeza maji ya chemchemi ya Gihoni yaingie Yerusalemu (2 Fal 20:20, 2 Nya 32:30). Mfereji huo ungalipo hata leo. Una urefu wa mita 533 hivi, nao umechimbwa ndani ya mwamba. Makundi mawili yalianza kuchimba kutoka pande mbili, yakakutana katikati. Maandishi ya ukutani yanayosimulia jinsi walivyosikia sauti za wenzao yaligunduliwa mwaka 1880.

Tufanyeje?

1. Tandazeni udongo wa mfinyanzi juu ya ubao, kisha inueni upande mmoja kidogo.
2. Fanyeni kilima. Watoto wawili wachimbe tundu kwa vijiti, kila mmoja kutoka upande wake, mpaka wakutane.
3. Kando ya kilima chimbeni mfereji mwingine ulio wazi.
4. Wekeni kikombe mwishoni mwa kila mfereji, nyunyizeni vumbi la mkaa juu ya ubao wote, kisha mimineni maji taratibu katika mifereji yote miwili.

Maji ya vikombe vyote yatakuwa na rangi ya udongo, lakini vumbi jeusi litaonekana zaidi katika kikombe cha mfereji wa wazi. Waulizeni watoto: mtungi wetu wa maji ya kunywa una mfuniko? Hezekia aliyaficha maji yasifikiwe na adui. Sisi tunayafunika yasifikiwe na inzi na uchafu. Hata hivyo, kufunika peke yake hakutoshi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwanza.

Tahadhari: udongo usichukuliwe karibu na choo wala zizi, kwa sababu waweza kuwa na mayai ya minyoo na vijidudu vya pepopunda. Mtoto mwenye kidonda mkononi asiushike, na mdogo asiachwe aule.

KAZI YA PILI: MTUNGI WA KUNAWIA

Katika arusi ya Kana palikuwa na mitungi sita ya mawe kwa ajili ya desturi ya Wayahudi ya kujitakasa (Yn 2:6). Kila mmoja uliingia lita 80 hadi 120 hivi. Tuwaambie watoto ukweli: watu wale walinawa kwa ajili ya utakaso wa kidini, maana habari za vijidudu hazikujulikana bado. Hata mwaka 1847, Daktari Ignaz Semmelweis alipowataka madaktari wa Vienna wanawe mikono kabla ya kuwazalisha akina mama, wengi walimpinga, ingawa vifo vilipungua sana.

Mtungi wetu ni kibuyu chirizi:

1. Tafuteni dumu safi la lita 5 lenye mshikio. Lililowekwa dawa ya mimea lisitumike kamwe.
2. Mtu mzima atoboe tundu dogo upande wa mbele, vidole vinne chini ya mfuniko, kwa msumari wa moto.
3. Simikeni miti miwili yenye panda, pitisheni mti wa tatu ndani ya mshikio, mwulaze juu ya panda hizo.
4. Fungeni kamba shingoni mwa dumu, na ncha yake kwenye kijiti cha kukanyaga. Tundikeni sabuni kando.

Mtoto akikanyaga, dumu huinama na maji hutoka bila yeye kushika kitu. Anawe kwa sabuni sekunde 20: atokapo chooni, kabla ya kula, na baada ya kazi ya udongo. Mama na baba wanawe pia kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumsafisha.

Mtoto akiharisha, apewe maji ya ORS mapema, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe zahanati.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, kila nyumba ya jumuiya yetu ina mahali pa kunawia karibu na choo?
2. Tumsaidie nani kutengeneza kibuyu chirizi kabla ya Jumapili ijayo?