Ufunguo wa Mlango wa Mahakama

Watu wengi wanapoutaja uadilifu wa dola, fikira zao humwendea hakimu peke yake. Husema: hakimu akiwa mwadilifu haki itapatikana, na akiwa mla rushwa haki itapotea. Neno hili ni kweli, lakini halikutimia. Kwani hakimu, hata awe mwema namna gani, hawezi kuhukumu daawa isiyoletwa mbele yake. Yeye hukaa barazani akingoja. Basi yatupasa tuulize: ni nani mwenye kuileta hiyo daawa, na ni nani mwenye uwezo wa kuizuia isifike?

Katika mambo ya deni, nyumba au mirathi, jawabu ni nyepesi. Mwenye haki huenda mwenyewe, au humtuma wakili wake. Lakini mtu akiiba mali ya umma, mdai ni nani? Mdai ni sisi sote: mvuvi wa Lamu, mchukuzi wa bandari ya Kilindini, na mama auzaye mahamri mlangoni pake. Na kwa kuwa sote hatuwezi kusimama mahakamani, sheria imemkabidhi mtu mmoja ashtaki kwa niaba yetu. Mtu huyo amechukua amana. Mkononi mwake mna ufunguo wa mlango wa mahakama, na ufunguo huo hufungua na hufunga.

Ufunguo huu ukitwaliwa na mtawala, madhara huja kwa njia mbili. Ya kwanza, mlango hufungwa ili rafiki zake wasishtakiwe. Ya pili, hufunguliwa ili wapinzani wake waburutwe ndani kwa makosa ya kubuni. Watu huiogopa zaidi hii ya pili kwa kuwa yaonekana. Ile ya kwanza haina kelele, kwani kesi isiyofunguliwa haina kilio wala shahidi.

Na tuitazame nchi yetu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 1963, Mwanasheria Mkuu wa Kenya alikuwa na kazi mbili zisizopatana. Alikuwa mshauri mkuu wa serikali katika sheria, mwenye kiti Bungeni bila kuchaguliwa na watu. Na papo hapo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kufungua mashtaka, kuyachukua yaliyofunguliwa na wengine, na kuyakatiza kabla ya hukumu. Katiba ya zamani ilisema kuwa katika kazi hii ya pili hatapokea amri ya mtu. Lakini yawezekanaje mshauri wa serikali asubuhi awe mshtaki wa wakubwa wa serikali hiyo hiyo jioni?

Ilibaki ngao moja, nayo ni kuwa hakuweza kuuzuliwa ila baada ya jopo maalumu kumchunguza. Mwaka wa 1986 Bunge la chama kimoja liliivunja ngao hiyo. Mwanasheria Mkuu, pamoja na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, wakawa ni wa kuuzuliwa kwa neno la Rais. Mwaka wa 1988 ikaja zamu ya majaji. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka wa 1990, lakini matunda yake yalikwisha kuonekana. Katika miaka ile ya 1986 na 1987 watu wengi, na miongoni mwao waalimu na wanafunzi, walihukumiwa vifungo kwa kuhusishwa na chama cha siri cha Mwakenya, wengi wao wakikiri makosa pasi na wakili. Baadaye Mahakama Kuu iliwaamulia fidia wengi waliothibitisha kuwa waliteswa katika jumba la Nyayo.

Wananchi walipoipitisha Katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010, kazi hizo mbili zilitenganishwa. Mwanasheria Mkuu alibaki mshauri wa serikali, na ufunguo ukakabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kifungu cha 157 kimeweka mambo manne ambayo kila raia yampasa ayajue:

La kwanza, Rais humteua, lakini hapana budi Bunge limkubali.

La pili, hukaa miaka minane tu, wala hateuliwi tena katika wadhifa huo, ili asimbembeleze mtu apate kuongezwa muda.

La tatu, hahitaji idhini ya mtu yeyote ili afungue mashtaka, wala hapokei amri ya yeyote katika kazi yake.

La nne, hawezi kuiondoa kesi iliyokwisha kufunguliwa ila kwa ruhusa ya mahakama.

Je, yametosha? Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, afisi ya mashtaka iliomba kuondoa kesi kadhaa za rushwa zilizowakabili wanasiasa na watu mashuhuri. Sababu iliyotajwa ni upungufu wa ushahidi, na mahakama ikaruhusu. Mwaka wa 2023 aliyekuwa Mkurugenzi aliteuliwa kuiongoza Idara ya Ujasusi ya Taifa kabla ya kutimiza miaka yake minane. Sisi hatumtuhumu mtu, na uteuzi huo haukuivunja Katiba. Lakini hapa ndipo penye funzo. Katiba imemlinda mshika ufunguo na khofu ya kuuzuliwa; haikumlinda na tamaa ya kupewa cheo kingine. Na tamaa humpinda mtu kama khofu impindavyo, tena yeye mwenyewe asijijue. Hata akiwa safi, watu watamshuku, na haki inayoshukiwa hupungua nguvu. Yafaa basi iwekwe sheria kuwa atokaye katika wadhifa huu asipokee cheo cha uteuzi wa Rais mpaka ipite miaka kadhaa.

Mtu asidhani, kwa haya, kuwa uhuru wa mshtaki ni kufanya apendavyo. Kifungu hicho hicho chamtaka achunge maslaha ya umma, atende haki, na asiitumie sheria kwa ubaya. Asiyepokea amri bado yampasa atoe sababu.

Na sisi raia tuna wajibu. Bunge linapotangaza kuwa lampima aliyeteuliwa, huwataka wananchi walete maoni yao, na tuyaandike. Kesi ya mali yetu inapoombewa kuondolewa, mlango wa mahakama u wazi. Na tuhudhurie tusikie sababu zake. Na Mkurugenzi akikhini, kifungu cha 158 chamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi la kumwondoa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, alete na hoja zake.

Tusikasirike pale tu mshtakiwa anapokuwa mtu wa kabila letu au chama chetu, tukashangilia anapokuwa wa upande wa pili. Mwenye kumwachia mtawala ufunguo leo kwa kuwa ampenda, ajue kuwa kesho atautwaa mwingine asiyempenda, na mlango ni ule ule.