Kilatini kwa Sikio la Mwamu: Mafunzo Niliyopata

1. Tazama nomino inageukia wapi. Nilipoanza Kilatini chuo kikuu, jicho lilikuwa *oculus*. Yakiwa mengi, *oculi*. Shina limetulia, mkia umegeuka. Kwetu Lamu jicho ni *ito*, mengi ni *mato*: wingi umeanzia kichwani.

2. *Zitu* si kosa la ulimi. Mtoto wa Mkomani, kule kwetu Lamu, akiandika "zitu zangu zimepotea", wino mwekundu unamngoja. Kwenye mtihani hana utetezi, maana mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini hebu ifuate sentensi yake: zi- kwenye nomino, z- kwenye kimilikishi, zi- tena kwenye kitenzi. Upatanisho hauna ufa. Pale sanifu inapoweka vi-, Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kinaweka zi-, basi. Mwalimu anayekiita hicho Kiswahili kibovu, mimi simo.

3. Mtendwa ana alama yake. Mrumi akisema *nauta navem videt* au *navem nauta videt*, anayeona ni baharia tu; ile -m ya *navem* imeshamaliza maneno. Nasi gatini twasema "chombo, nahodha amekiona", na hapana atakayedhani chombo kimetoa macho. Ki- iliyojificha ndani ya kitenzi inafanya kazi ya -m.

4. Hili la mahali ndilo lililonifurahisha zaidi. Nomino yetu nayo ina mkia: nyumba, nyumbani; mji, mjini, au kwa Kiamu *mui*, *muini*. Kilatini pia kilikuwa na umbo la mahali, *domi* kwa nyumbani, *Romae* kwa aliyeko Roma, ila lilififia likabakia kwenye majina ya miji, ya visiwa vidogo, na nomino chache kama *domus*. Visiwa vidogo! Mrumi angeivika Lamu mkia huo bila kusita. Sisi twafanya kinyume: nomino ya kawaida hupewa -ni, jina la mahali hunyimwa. Humsikii mtu akisema yuko Lamuni wala Siyuni. Yuko Lamu, yuko Siyu, yuko Faza. Langoni, Mkomani, Matondoni na Kipungani, hayo yana -ni yake tangu zamani, na hata anayekaa huko haongezi nyingine.