Somo: Kuingiza Ramani Yenye Matabaka Katika Filamu ya Mradi



Wengi wenu mmetuuliza namna ya kutengeneza filamu fupi ya mradi wa maji, ya kuwaonyesha wafadhili na wanavijiji wenyewe. Leo tunagusa jambo moja tu, lililotutia aibu: ramani.

Katika filamu yetu ya kwanza tulichora ramani ya kijiji kwa Photoshop, tukaibana yote kuwa picha moja ya JPEG. Visima vinne vilikuwa na alama ya buluu, maana yake vinatoa maji. Siku ya kuionyesha kwenye mkutano wa kigango, mama mmoja alisimama nyuma akasema, "Hicho cha korongoni kimekufa tangu kiangazi. Nani kawaambia kinatoa maji?" Alikuwa na haki. Nakala ilikuwa imekwisha kwenda kwa wafadhili, na ramani yenye matabaka hatukuihifadhi. Ili kubadili alama moja tulilazimika kuchora yote upya. Huku Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka, kisima kilichokufa si kosa dogo la kuandika.

Tabaka ni nini? Aliyefika Kolo, wilayani Kondoa, ameliona mwambani. Michoro ile, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imechorwa mmoja juu ya mwingine. Meupe ya baadaye yamefunika mekundu ya kale. Mary Leakey alipoinakili mwaka 1951 alikuwa na kazi ya kutenganisha mstari wa huyu na wa yule. Katika faili la PSD kazi hiyo haipo, kwa sababu kila kitu kimekaa kwenye karatasi yake angavu: chini ardhi, juu yake barabara na makorongo, kisha visima, na juu kabisa majina.

Basi, hifadhi ramani kama PSD. Anayetumia GIMP, ambayo ni ya bure, anaweza pia kutoa faili la PSD. Hakikisha rangi ni RGB. Ramani iliyoandaliwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huwa CMYK, na Premiere Pro huikataa. Ukubwa nao ni muhimu: filamu ya kawaida leo ni nukta 1920 kwa 1080, kwa hiyo ramani yenye upana wa nukta 3840 inakuruhusu kukisogelea kisima mara mbili bila picha kuvurugika.

Ukiingiza faili hilo, Premiere itakuuliza. Inaweza kuyaunganisha matabaka yote (ndilo kosa letu lile lile), kuunganisha machache uliyoyachagua, au kuleta kila tabaka peke yake. Njia ya nne, "Sequence", huyapanga matabaka juu ya njia za video kwa mpangilio ule ule wa Photoshop. Tunaipenda hii. Lakini pia utaulizwa vipimo, na hapa wengi hukwama. Chagua vipimo vya waraka mzima, "Document Size". Ukichagua vipimo vya tabaka, kila alama itahamia katikati ya picha. Kisima chetu cha korongoni kiliwahi kujikuta mlangoni mwa kanisa!

Sasa unaweza kuanza na ardhi tupu, kisha visima vikatokea kimoja kimoja huku msimulizi akivitaja. Majina tunayaweka katika matabaka matatu: Kiswahili, Kigogo na Kiingereza. Unafungua moja na kufunga mawili, na filamu ile ile inakwenda kijijini na kwa wafadhili. Rangi ukiibadilisha Photoshop na kuhifadhi, filamu hufuata. Tabaka jipya kabisa halitaingia lenyewe, ingiza faili upya.

Asiye na Premiere asikate tamaa. Atoe kila tabaka kama PNG yenye uwazi, kwa vipimo vile vile vya ramani nzima, kisha azipange juu kwa juu katika programu yoyote ya kuhariri inayokubali njia kadhaa za video. Ni kazi ndefu zaidi, lakini matokeo ni yale yale.

Mkipeleka kazi kwenye kompyuta nyingine, nakilini folda nzima kwenye flashi. Faili la mradi halibebi picha ndani yake. Linakumbuka tu zilipokaa.

Tumeongeza pia tabaka dogo la tarehe, pembeni chini: mwezi na mwaka ambao kamati ya maji ilivikagua visima. Kile cha korongoni sasa kina alama nyekundu. Ya buluu ipo chini yake, imefungwa, inamsubiri fundi pampu.