Mbinu Ajaili: Kutengeneza Programu kwa Vipande

Mtahiniwa, wengi hukariri majina ya hatua katika mada hii bila kujua zilipangwa hivyo ili kutatua tatizo gani. Tuanze na tatizo lenyewe.

Chukulia kwamba vijana wanne wa TEHAMA mjini Iringa wamepewa kazi na chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Chama kinataka programu ya kupokea mzigo: jina la mkulima, uzito, daraja la tunda, bei na stakabadhi. Kati ya timu na mteja kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara.

Kwa mbinu ya maporomoko, timu hukusanya mahitaji yote, husanifu, huandika programu, huijaribu, kisha hukabidhi. Hatua moja hufungwa kabla ya nyingine kuanza, kama maji yasivyorudi juu yakishateremka. Miezi sita baadaye karani anafungua programu na kukuta hakuna mahali pa kuandika matunda yaliyokataliwa. Siku ya mahojiano hakulikumbuka jambo hilo, maana hakuwa mbele ya mzani. Sasa hifadhidata, fomu na ripoti vyote vinabomolewa. Na mkulima aliyeleta kilo 120 akalipwa kilo 95 haoni kwenye stakabadhi yake kilo 25 zimekwenda wapi.

Kwa mbinu ajaili, yaani ya wepesi wa kubadilika, kazi hiyohiyo hukatwa vipande. Wiki mbili za kwanza timu inatengeneza sehemu ya uzito na stakabadhi tu. Karani anaitumia mzanini, pengo linaonekana mapema, na marekebisho ni madogo. Wiki mbili zinazofuata zinakuwa za daraja na bei. Kila kipindi huitwa mzunguko, na mteja ndiye anayesema kipi kitangulie kwenye orodha ya kazi.

Jina hili lilienea baada ya Februari 2001, wataalamu 17 walipokutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko lao. Walithamini watu na mawasiliano kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Ushirikiano na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Angalia neno "kuliko". Ukiandika kwamba ajaili haina mpango wala nyaraka, umekosea.

Skramu ni utaratibu mmojawapo wa ajaili. Mzunguko wake hauzidi mwezi mmoja, na kila siku timu hukutana kwa dakika 15 zisizozidi: tumefikia wapi, leo tunafanya nini, nini kinatukwamisha. Katika timu ndogo kikao si kigumu. Kigumu ni kazi za pembeni. Fundi yuleyule anayeandika programu ndiye anayeitwa printa ikigoma na nywila ikisahaulika, na mzunguko unaisha kipande hakijakamilika. Dawa yake ni kumtenga mmoja apokee miito hiyo kwa zamu, na kupunguza kazi iliyoahidiwa. Wakati mwingine mteja naye hapatikani, na bila yeye timu inabuni mahitaji kichwani. Afadhali chama kimteue karani mmoja wa kupigiwa simu.

Mazingira nayo yahesabiwe. Chuo kilichoitwa wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Tumaini, Iringa, kilianzisha shahada ya TEHAMA mwaka 2007 kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu, Ufini. Walioiandaa walishikilia kwamba mtaala wa nje haufai kuhamishwa mzimamzima. Mtaalamu asomee mahali atakapofanyia kazi. Kwa timu yetu, hiyo ina maana ya kujaribu kila kipande umeme ukiwa umekatika na mtandao haupo.

Maporomoko bado yanafaa pale mahitaji yanapojulikana yote na hayabadiliki.

Jipime

1. Kwa nini kosa lililogunduliwa katika mzunguko wa kwanza hugharimu kidogo kuliko lililogunduliwa siku ya kukabidhi? Tumia mfano wa mzani.

2. Shule yenu inataka programu ya kumbukumbu za ada. Taja kipande ambacho ungekitengeneza kwanza, na mtu ambaye ungemwonyesha.