Kuchagua Mashine za Kutindua Ukuta wa Soketi

SWALI
Fundi umeme ameitwa Rasbura, mjini Lindi, kuweka soketi za kuzama katika nyumba mbili. Nyumba A ina kuta za matofali ya saruji, unene milimita 150. Nyumba B ni ya zamani, kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Fundi ana grainda yenye diski ya almasi, drili ya nyundo, tindo na nyundo ya mkono.

(a) Atumie zana zipi kwa kila nyumba? Toa sababu. (alama 6)
(b) Grainda ina wati 920, umeme ni volti 230. Kokotoa mkondo. (alama 2)
(c) Taja tahadhari tatu. (alama 3)

MAJIBU
(a) Nyumba A: Grainda ikate kingo za boksi na za mfereji wa bomba, kwani hukata mstari ulionyooka bila kupasua tofali. Kisha drili ya nyundo, ikipiga bila kuzunguka, itindue katikati. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta (milimita 50). Wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita (milimita 25). Ukizidi, ukuta hudhoofika.

Nyumba B: Chokaa ni laini kuliko saruji, mapigo ya mashine huweza kulegeza mawe na kubomoa zaidi ya boksi. Drili izunguke bila kupiga, itoboe matundu yaliyokaribiana ndani ya mchoro wa boksi. Malizia kwa tindo la mkono, polepole.

(b) Mkondo = wati ÷ volti = 920 ÷ 230 = ampea 4.

(c) Zima saketi ya ukuta huo na uhakikishe kwa testa. Mashine ichukue umeme kwenye saketi nyingine. Vaa miwani na barakoa, kwa sababu vumbi la saruji lina silika inayoharibu mapafu. Usiondoe kinga ya diski.

KUMBUKA
Usiandike tu "grainda, kwa sababu ina nguvu." Sababu ianze na ukuta: umejengwa kwa nini, na una unene gani? Mashine hufuata baadaye.

ZOEZI
Ukuta wa matofali una unene wa milimita 180. Mfereji wa wima usizidi kina gani? (Jibu: milimita 60)