Daftari la Mvua: Kazi ya Kijana wa Skimu

Wenye mashamba katika skimu zetu wana hati za mashamba yao, na wengi wamezifungia ndani ya sanduku ili watoto wazirithi. Hiyo ni akili. Lakini shamba bila maji ni vumbi tu, na maji hayana hati. Kijito kilichopita chini ya ploti siku ulipogawiwa chaweza kukauka kabla mwanao hajaota ndevu. Somo la mwezi huu ni jinsi ya kumfundisha mtoto kuyajua maji ya shamba lake na kutambua jinsi hali ya hewa inavyogeuka. Utaona pia kwa nini kazi hii yamfaa yeye kuliko wewe, mzee.

Wazee wakikaa pamoja baada ya kupeleka maziwa, husema kwamba mvua ya zamani ilikuja kwa wakati wake. Labda ni kweli. Lakini kumbukumbu ya mtu huchagua: huushika mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko, na kuisahau miaka ya katikati. Angalieni yaliyotupata juzi tu. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu 5 mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mwisho wa 2023 zikaja mvua kubwa za El Nino. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na makumi kati yao walikufa Mai Mahiu usiku mmoja. Je, hayo ni mambo ya kawaida ya mvua, au ni mabadiliko ya tabianchi?

Mweleze mtoto tofauti yake hivi. Hali ya hewa ni mvua ya leo na jua la kesho. Tabianchi ni desturi ya hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu huipima kwa miaka 30. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kuthibitisha neno. Basi piga hesabu. Mtoto wa miaka 10 akianza kuandika mvua ya shamba lenu leo, atakapotimiza miaka 40 atakuwa na daftari la kutosha kulinganisha. Wewe mwenye miaka 60 ukianza leo, hesabu yako unaijua mwenyewe.

Atauliza chanzo ni nini. Mwambie kweli. Watu wamechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa wingi sana, na moshi wake umeacha angani hewa ya ukaa inayozuia joto lisitoke. Sehemu kubwa imetoka nchi zenye viwanda vingi. Sehemu ya Kenya haifiki hata 1 kwa 100. Dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda hivyo. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii, ndiyo maana mvua ikinyesha yaweza kumwagika kwa kishindo. Joto hilo hilo hukausha udongo upesi jua likiwaka. Walio karibu na Mlima Kenya waweza kumwonyesha kilele: sehemu kubwa ya barafu iliyokuwako Mackinder alipopanda mwaka 1899 imekwisha. (Maji ya mito yetu hutoka katika mvua na misitu zaidi kuliko katika barafu, basi asidhani mito itakauka siku barafu itakapokwisha.) Usimtishe mtoto kwa habari hizi. Mtoto aliyetishwa hulala; mtoto aliyepewa kazi huamka mapema.

Kopo la mvua

Kazi yenyewe ni rahisi na haina gharama. Tafuta kopo lililonyooka kutoka chini hadi juu, lenye kitako bapa. Upana wake si kitu, mradi mdomo na kitako viwe sawa. Lifungeni juu ya mti uliosimamishwa, kimo cha mita 1 hivi, ili mbuzi na mbwa wasilifikie. Liwe wazi, mbali na nyumba na miti. Ikiwa mti una urefu wa mita 5, kopo liwe mbali nao mita 10 au zaidi.

Kila asubuhi kwa saa ile ile mtoto atumbukize rula na kusoma kina cha maji kwa milimita, kisha amwage maji na kuandika. Rula nyingi za shule zina nafasi kidogo kabla ya sifuri. Nafasi hiyo ikatwe, la sivyo kila hesabu itapungua. Vituo vya hali ya hewa husoma vipimo saa tatu asubuhi, lakini mwanafunzi aweza kusoma saa moja kabla ya kwenda shule, mradi asibadilishe. Siku isiyo na mvua aandike 0. Wengi huharibu daftari hapa, maana nafasi tupu haikuambii kama mvua haikunyesha au kama mtoto alilala. Na radi ikipiga asiende nje, kopo litangoja.

Sasa twafika penye ugumu, nao si wa mtoto bali wa baba. Mwezi wa Machi mvua ya kwanza hunyesha usiku, bati hupiga kelele, na asubuhi baba ameshaamuru mbegu zitolewe. Kijana asoma kopo: milimita 8. Mvua hiyo imelowesha ngozi ya udongo tu. Mbegu itaota, kisha jua la siku kumi litaiua, na fedha za mbegu na mbolea zimepotea. Kanuni moja itumiwayo ni kungoja mpaka zipatikane milimita 20 au zaidi katika siku 2 au 3, kisha kuchimba kwa jembe na kuona kama umande umeshuka shibiri moja. Mtoto mwenye adabu hatamwambia baba yake kwamba amekosea, na hatukumfundisha hivyo. Atamletea daftari na kusema, “Baba, nimeandika 8.” Inampasa baba alitazame. Baba akilisukuma daftari kando mara mbili, mara ya tatu halitaletwa, na kijana atajifunza kwamba habari za maji ni za mtihani wa shule tu.

Katika sehemu zetu nyingi vijana hukimbilia mjini kwa sababu shambani huonekana kama mikono tu. Kijana ambaye hesabu yake iliokoa mfuko wa mbegu ameonekana kuwa na kichwa. Hilo ni jambo kubwa kuliko kopo.

Chemchemi na paa

Maji ya kijito yapimwe pia, mara moja kwa mwezi, kila tarehe 1. Mahali penye mfereji au bomba la chemchemi, mtoto aweke mtungi wa lita 20 na kuhesabu sekunde mpaka ujae. Tuseme Februari mwaka huu ulijaa kwa sekunde 40, na Februari ijayo kwa sekunde 70. Hapo mjue kuna jambo huko juu. Labda mvua imepungua, labda mtu amelima hadi ukingoni, labda amepanda mikaratusi penye chemchemi, na mti huo hunywa maji mengi. Acheni angalau mita 6 za majani na miti ya kienyeji kando ya kijito.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, alisimulia kwamba utotoni alichota maji katika kijito karibu na kwao, akacheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Aliporudi ukubwani kijito kilikuwa kimekauka, na akina mama walikwenda mbali kutafuta maji. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alijua kilichopotea kwa sababu alikitazama vizuri alipokuwa mtoto. Mtoto ambaye hakukijua kijito hawezi kujua kwamba kimekufa.

Hesabu ya paa huwafurahisha zaidi wasichana, maana wao ndio wabebao mitungi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mabati ya mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25 yaangusha juu yake lita 1,200. Hata zikipotea kidogo, zabaki 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200, au safari 50 za mtoni. Mvua hiyo hiyo juu ya ekari moja ni kama lita 100,000. Mwulize kijana zilikwenda wapi. Kama maji ya mtaro ni mekundu, zimekwenda na udongo wenu, nanyi mnahitaji matuta ya fanya juu kabla ya msimu ujao.

Shule zenye chama cha 4-K, ambacho serikali ilikifufua mwaka 2021, zaweza kukusanya madaftari ya ploti mbalimbali na kuyalinganisha. Mtashangaa kuona jinsi mvua inavyotofautiana kati ya shamba la juu na la chini. Bwana Shamba akija, aonyeshwe daftari kabla ya chai.

Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino, lifungwe ndani ya karatasi ya nailoni, na likae ndani ya sanduku lile lile lenye hati ya shamba. Kopo likitoboka, kijana atafute jingine lililonyooka, na tarehe ya kubadilisha aiandike pembeni.